Mzee Ndevu na Bei ya Ng'ombe wa Baba

Enzi zetu gemu halikukaa mfukoni. Lilikuwa Mwanza mjini, na aliyelitaka alilifuata. Sisi wa Buhongwa tulikuwa mbali na mjini kuliko ilivyo leo, maana Buhongwa ya wakati ule ilikuwa mashamba ya mihogo, mawe makubwa na nyumba moja moja, huku malori ya pamba yakipita kwenye barabara ya Shinyanga kana kwamba hayatuoni. Siku hizi mtoto anakulia hapo hapo katikati ya maduka ya vioo. Ukimwambia kwamba penye kile kituo cha mafuta tulikuwa tukifukuza ndege kwenye mtama, anakutazama kama umechanganyikiwa.

Wa rika langu mnakumbuka. Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi unafumuka. Tuliteleza juu ya mwamba nyuma ya kanisa tukikalia vipande vya madumu, na vipande vilipokwisha tuliteleza hivyo hivyo, tukarudi nyumbani na sketi zimetoboka. Mama yangu alikuwa na utaratibu wake: kwanza anashona kiraka, ndipo anachapa, kwa sababu hakutaka kuchapa ngozi tupu ya mtoto wa kike. Shuleni tulibeba kidumu cha maji na fagio. Jioni ilikuwa ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, na dagaa, au vichwa vya sangara siku ambayo mama amefanya biashara nzuri, na msimu wa viazi tulitafuna michembe ya viazi vikavu na karanga hadi taya zinauma. Ukilalamika unaambiwa, "Anayechagua chakula ameshashiba." Hapo sahani inaondolewa kweli, haikuwa mzaha.

Baba alikuwa fundi mwashi. Kujenga Mwanza ni kugombana na mawe, na baba aliyajua mawe kwa sauti. Aligonga nyundo mara mbili, akainamisha kichwa, akaonyesha kwa kidole mahali jiwe litakapopasuka, na likapasuka hapo. Alikuwa mpole na mkaidi kwa pamoja. Alikuwa pia na ng'ombe saba, waliotunzwa Usagara na mdogo wake, Baba mdogo Maduhu. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kuwaona. Hakuwakamua, hakuwachinja wala kuwauza. Aliwatazama tu, akarudi jioni ameridhika. Walikuwa mahari ya wadogo zangu wawili wa kiume, ambao wakati huo hata kufunga kamba za viatu walikuwa hawajui.

Nayasimulia haya kwa sababu ya gemu moja tu. Gemu hilo lina mkono wake katika kifo cha baba yangu, na mimi ndiye niliyelileta nyumbani. Ndugu zangu wanajua kwamba baba alichelewa kupelekwa kwa upasuaji. Hawajui kwa nini nilikuwa na uhakika kiasi kile nilipomwambia asubiri.

Nilipofika kidato cha pili nilikaa dawati moja na Shirin. Kwao walikuwa wafanyabiashara tangu kwa babu yao: baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko kuu, na mlango wa pili mama yake, Mama Shirin, alikuwa na kafe ya intaneti yenye kompyuta nane. Mimi nilimsaidia Shirin hisabati. Yeye alinilipa kwa Jumamosi. Tulipewa kompyuta ya pembeni kabisa, ile iliyong'oka herufi M, jambo lililoniudhi kwa kuwa jina langu ni Minza. Mama Shirin alituonya kila wiki kwa maneno yale yale: "Kaeni, lakini mteja akija mnasimama." Pale ndani palinukia udi, vumbi lililopata moto, na bajia alizokaanga nyuma ya pazia. Hadi leo nikisikia harufu ya bajia vidole vinanicheza.

Gemu lenyewe lilichezwa na watu wa dunia nzima kwa wakati mmoja. Kulikuwa na misitu, ngome, mbwa mwitu na majitu. Kila mtu alikuwa na mhusika wake wa kutembea naye. Sisi wawili tulikuwa na mmoja, mwanamke mwenye upinde, tukamwita Nyanzala, jina la bibi yangu mzaa baba. Nyanzala aliua mbwa mwitu, akawachuna ngozi, akapeleka ngozi kwa mchuuzi.

Mchuuzi huyo hakuwa mtu. Hakuna aliyemwendesha kutoka kompyuta nyingine. Aliwekwa na gemu lenyewe, akasimama mbele ya kibanda chake siku zote, ndevu hadi kifuani, akinunua na kuuza kila kitu. Jina lake lilikuwa la Kiingereza na refu. Sisi tulimwita Mzee Ndevu. Siku ya kwanza Shirin alibonyeza pasipostahili akamuuzia ngao yetu kwa thelathini. Papo hapo tukataka kuinunua tena, Mzee Ndevu akataja mia. "Mwizi huyu!" Shirin akapiga kelele, na mteja wa kompyuta ya jirani akashika mfuko wake.

Tulijaribu kumzoea kama tulivyozoea wachuuzi wa kweli. Mimi nilikuwa mtoto wa muuza dagaa, nilijua kuomba bei, kuondoka hatua tatu nikisubiri kuitwa, na kudai nyongeza baada ya kulipa. Shirin alijua mambo ya dukani kwao, kwamba mteja wa kwanza wa asubuhi haachwi aondoke mikono mitupu, hata kama faida ni sumni, ili siku ifunguke vizuri. Kwa Mzee Ndevu hakukuwa na mteja wa kwanza wala wa mwisho. Hukupata nyongeza, na shikamoo hakuitikia. Ilituchukua wiki nyingi kugundua kwamba naye alikuwa na sheria zake, na kwamba hakuzivunja hata mara moja.

Ngozi ya kwanza ya mbwa mwitu aliinunua kwa kumi na mbili. Ya pili, kumi na moja. Ukifika ya kumi anakupa tatu, na ukiendelea kumng'ang'ania anakupa moja. Wala hazikuwa ngozi zako tu: kila mchezaji, popote alipo duniani, akimuuzia ngozi siku hiyo, bei inashuka kwa wote. Lakini watu wakiacha kumuuzia, bei ilipanda yenyewe taratibu, na baada ya siku mbili tatu ilikuwa kumi na mbili tena, kana kwamba hakuna kilichotokea. Basi dawa ilikuwa moja. Wengine wakiuza, wewe weka. Mkoba wa Nyanzala ulibeba ngozi mia mbili, na ngozi zile hazikuoza, hazikuliwa na panya, wala hazikuomba maji. Tulizibeba mwezi mzima tukingoja wenzetu wasio na akili wamalize kuuza. Tukatajirika. Nyanzala akavaa mavazi ya fedha, na mimi nikarudi Buhongwa nikijiona mchumi.

Niliyapeleka maarifa yangu kwa mama kwanza. Nikamwambia, "Mama, dagaa wakijaa sokoni usiuze, weka mpaka mbalamwezi." Maana dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, mwezi ukiwaka mitumbwi inapumzika na dagaa wanaadimika. Mama hakuinua hata macho kwenye ungo wake. "Hayo nayajua tangu sijakuzaa," akasema. "Na karo yako nayo ingoje mbalamwezi?"

Baba ndiye aliyenisikiliza. Mwaka huo alipata magunia matatu ya mpunga kutoka Usagara, na kila mtu alikuwa akiuza kwa wakati mmoja kwa bei ya kutupa. Nilimsumbua siku nzima mpaka akakubali kuyaweka. Yalikaa chumbani kwetu, tukalala nayo, na ilipofika Februari akayauza karibu mara mbili ya bei ya mavuno. Sijui kama niliwahi kumwona baba na furaha ile. Mafundi wenzake walipokuja alinionyesha kwa kidole na kusema, "Huyu ndiye waziri wangu wa fedha." Nilikuwa nimeshika sinia la chai, na kidogo lianguke.

Uvimbe ulianza mwaka huo huo, chini ya taya, upande wa kushoto. Ulikuwa kama punje ya haragwe. Baba alisema ni jino. Ulipofika ukubwa wa kokwa la embe mama akampeleka hospitali kubwa, wakakata kipande kidogo cha nyama kukipima, na jibu likaja kwamba utolewe haraka, kabla haujasambaa. Daktari alisema mwezi mmoja, isizidi miwili. Hatukuwa na bima. Gharama tulizotajiwa zilikuwa sawa na ng'ombe wawili kwa bei ya kawaida, na baba alikuwa nao saba. Tulitoka pale tukiwa na hofu, lakini si hofu ya kukosa njia.

Ila mwaka huo mvua za vuli zilitukwepa. Nyasi zilikauka kuanzia Misungwi hadi Shinyanga, malambo yakabaki matope, na kila mwenye mifugo akaipeleka mnadani kabla haijamfia. Jumamosi moja baba alinichukua twende mnadani pamoja na Baba mdogo Maduhu, na dume jekundu la miaka minne. Sikwenda kafe siku hiyo. Baba alikuwa amejifunga mtandio wa mama shingoni, katika jua lile. Uwanja ulikuwa umejaa ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika, na wanunuzi walitembea katikati yao polepole, hawana haraka yoyote. Dalali mmoja alikuja, akalipiga dume letu paja, akalifungua kinywa.

"Shikamoo, mzee. Unataka ngapi?"

"Marahaba. Laki nne."

Dalali alicheka, wala si kwa dharau. "Mzee wangu, laki nne ilikuwa mwaka jana. Tazama uwanja huu. Nakupa laki na nusu." Halafu macho yake yakatua kwenye mtandio. "Shingo ina nini? Unaumwa?"

"Mafua tu," baba akasema.

"Pole sana. Basi chukua laki na thelathini, nakupa mkononi sasa hivi, uwahi hospitali."

Nilisikia damu ikinipanda kichwani. Mzee Ndevu alikuwa katili, lakini hakuwahi kumtazama mtu shingoni ndipo ataje bei. Baba alisimama ameshika kamba. Kwa bei ile wawili wasingetosha. Ilibidi wauzwe watano, pengine sita, na zizi libaki na mmoja wa kukumbukia. Akanigeukia, mbele ya dalali na mbele ya mdogo wake, akaniuliza kama anavyoulizwa mtu mzima.

"Minza, wewe unasemaje?"

Nilijibu haraka, kama mwanafunzi aliyeliona swali kabla ya mtihani. "Baba, bei imeshuka kwa sababu wote wanauza kwa pamoja. Wakimaliza kuuza, itarudi. Tusubiri mvua."

"Mtoto kasema kweli," Baba mdogo akadakia.

Niliona uso wa baba ukilegea. Nilidhani ameiona hekima yangu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba baba hakuwahi kutaka kuwauza ng'ombe wale, na siku ile alikuwa akitafuta mtu wa kumpa sababu yenye heshima. Mimi nilimpa, tena ya kisomi. Akavuta kamba, tukarudi Usagara na dume letu.

Nyumbani mama alitusikiliza mpaka mwisho. "Ng'ombe anakula," akasema. "Na ugonjwa nao unakula. Nani kati yao atasubiri mvua?"

"Subira huvuta heri, Mama Minza."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Baba Minza. Tuwaombe ndugu watuchangie, tukalipe, ng'ombe utawauza baadaye."

Baba alikasirika, jambo la nadra. "Mtu mwenye ng'ombe saba zizini achangiwe? Watasemaje?" Mama alinitazama mimi, siyo yeye. Hakunisema. Alichukua ungo wake akatoka nje kupepeta dagaa ambao walikuwa wameshapepetwa.

Tukasubiri. Kila wiki nilipata habari za mnada kutoka kwa watu wa Usagara waliokuja mjini, nami nikampelekea baba: laki na ishirini, laki na kumi, elfu tisini. Nilizitaja bila wasiwasi. Nilijua kwamba kadiri bei inavyozama ndivyo wauzaji wanavyopungua, na wakipungua itapanda. Jumamosi nilirudi kafe nikamwona Mzee Ndevu akifanya vile vile, anashuka, anapanda, hajawahi kuniangusha. Uvimbe ulifikia ukubwa wa chungwa. Baba aliacha mtandio akaanza kujifunga kitenge. Sauti yake ilikwaruza, kisha kumeza kukawa kazi, mama akawa anampondea ugali kwenye mchuzi kama wa mtoto. Bado alikwenda Usagara kila Jumapili.

Januari ng'ombe mmoja alikufa. Wiki iliyofuata akafa wa pili, yule mwenye baka jeupe ambaye baba alimpenda kuliko wote. Baba mdogo aliuza ngozi zao kwa bei ya soda. Siku nilipopata habari hiyo nilikuwa nikiosha vyombo, na nilielewa yote papo hapo, mikono ikiwa ndani ya maji. Kwenye mkoba wa Nyanzala hakuna kilichokonda. Hakuna kilichokufa. Mzee Ndevu alinifundisha kusubiri kwa kutumia vitu visivyo na uhai, na mimi nikaenda kumfundisha baba yangu, aliyekuwa na ng'ombe hai na mwili hai.

Nilipaswa kuinuka pale pale niende nikamwambie, "Baba, nilikosea, tuuze kesho kwa bei yoyote." Bado walikuwa watano. Bado kulikuwa na ndugu wa kuchangisha. Sikusema. Niliona aibu. Nilikuwa waziri wa fedha, nilishasifiwa mbele ya watu, na sikutaka kuonekana mtoto aliyebahatisha mpunga. Nilijiambia mvua haiko mbali. Yale ya mnadani naweza kuyasamehe, nilikuwa na miaka kumi na mitano na niliulizwa swali lisilo langu. Ukimya wa siku ile ya vyombo sijausamehe, na sitafuti mtu wa kunisaidia kuusamehe.

Mvua ilikuja katikati ya Machi, kubwa, ya kusomba mawe. Nyasi zikaota mpaka kwenye paa za watu. Wenye ng'ombe waliobaki hawakutaka tena kuuza, na wanunuzi wa kutoka Dar walileta malori yao wakakuta uwanja mtupu. Bei ikapanda. Laki mbili, laki tatu, na kabla ya Mei kwisha ikapita laki nne. Yote yalitokea kama nilivyosema. Baba mdogo aliuza wawili kwa bei nzuri ambayo haijawahi kuonekana Usagara, na tukampeleka baba hospitali tukiwa na pesa zote mkononi, hata za ziada.

Daktari safari hii alikuwa dada mmoja kijana. Alimpapasa baba shingoni, akashuka begani, akashuka hadi kwapani, akarudia tena shingoni. "Mngekuja..." akaanza, halafu akaacha, akaandika dawa za maumivu. Mama alimuuliza upasuaji ni siku gani. Alisema hakuna siku. Alisema kwa upole kabisa, akamshika mama mkono, na mimi nikawa nasoma tangazo la kunawa mikono lililobandikwa ukutani, nalisoma tena na tena.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kafe kwa mara ya mwisho. Nilimpeleka Nyanzala kwa Mzee Ndevu na kumuuzia kila kilichokuwa mkobani, ngozi zote, mavazi ya fedha, upinde. Kumi na mbili, kumi na moja, kumi, nikaendelea kubonyeza mpaka akawa ananipa moja moja, na nikaendelea. Shirin alinitazama, akasogeza sahani ya bajia karibu yangu. Siku hizi pale wanauza makava ya simu.

Nina kijana wangu wa miaka kumi na mitatu. Yeye gemu lake lipo mfukoni, analiendesha hata chooni. Wachuuzi wa humo wanamjua kwa jina. Wanamwekea punguzo lenye saa inayorudi nyuma, dakika arobaini, dakika kumi, naye anakuja mbio jikoni anataka nimtumie elfu kumi na mbili kwenye simu, anunue kofia ya mtu asiyekuwepo. Nikimwambia asubiri analia kama amefiwa. Nafikiri wachuuzi wa sasa wameshajifunza kutazama shingo za watu. Wenzangu huwacheka hawa watoto, wanasema hawajui subira, sisi tulikuwa na subira. Mimi huwa nainuka kwenda kuangalia chakula jikoni. Mara nyingi namnunulia hiyo kofia.

Habari za mnada nazo zimekuwa rahisi. Baba mdogo Maduhu, mzee sasa, anapigiwa simu na watu wa minada mitatu kabla hajafungua zizi. Anajua bei, anajua mvua inanyesha wapi, na hamuulizi mtoto. Enzi zetu mwenye kuaminiwa alikuwa aliyesoma, na nyumbani kwetu aliyesoma nilikuwa mimi.

Halafu kuna jambo la sifa. Mzazi wa siku hizi anamsifu mtoto kwa kumaliza maji kwenye glasi, anampiga picha na kuituma kwa ukoo mzima. Sisi tulilelewa na watu waliodhani sifa inaharibu mtoto. Baba yangu alinisifu mbele ya watu mara mbili tu maishani mwake, na mara ya pili ilikuwa mwezi wa sita, wiki moja kabla hajafa.

Walikuwa wamekuja ndugu kumwona, wamejaa kwenye mkeka na kwenye vigoda. Baba alikuwa amelala kwa ubavu wa kulia, kwa sababu wa kushoto haukulalika. Kuongea kulimchosha, kila neno alilitafuta. Alimwita Baba mdogo asogee.

"Mnada wa jana," akauliza. "Dume lilikwenda ngapi?"

"Laki tano, kaka. Laki tano na kidogo."

Baba alitabasamu kwa upande ule wa uso uliokuwa bado unatii. Akanitafuta kwa macho hadi akanipata mlangoni, nimesimama na sinia la chai. Akawaambia wageni, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ile iliyokwaruza, wasikie wote. "Mnaona? Alisema itarudi. Mwanangu huyu anajua bei."

Wageni wakaitikia kwa sauti ya chini, mmoja akasema kusoma ni kuzuri. Mama aliinama akaendelea kumpangusa baba shingo. Ilibidi nijibu, maana mtoto akisifiwa na baba yake mbele ya wakubwa haruhusiwi kunyamaza.

"Asante, Baba," nikasema, nikaanza kugawa chai.